Asnath Binti Sefania na Chungu Chake

Wasifu wa marehemu Asnath Sefania, Mama Ruthi, uliosomwa na Asheri Aminieli, mtoto wa mdogo wake, kwenye maziko yake kijijini Mhezi, Septemba 5, 1979.

Wazee wetu, mchungaji, majirani mliopanda mlima na ninyi mliotoka Hedaru na malori ya alfajiri, familia inawashukuru. Kabla hatujaanza, inabidi lisemwe jambo moja. Marehemu alipokuwa kitandani aliwaita ndugu akawaambia: "Mtakaponiandika, msinisingizie upole. Watu watacheka, na mimi sitaki kuchekwa nikiwa nimelala." Familia ikakaa, ikakubaliana kumtii. Hivyo yatakayosomwa hapa ni ya Asnath mwenyewe, na wivu wake umo.

Asnath alizaliwa Suji, Aprili 12, 1921, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Sefania na marehemu mama Ernesta. Alikuwa mtoto wa pekee kwa miaka minne, akauzoea mgongo wa mama yake, hadi alipozaliwa mdogo wake Aminieli. Siku Aminieli alipobebwa kwenda kubatizwa, Asnath alikaa chini njiani akasema hatembei mpaka na yeye abebwe. Mama yao akabeba wawili, mmoja mgongoni na mmoja ubavuni, na kanisani wakafika wamechelewa. Mzee Aminieli, ambaye yupo hapa mbele, anasema huyo ndiye Asnath aliyemfahamu mpaka juzi. Kile alichokipenda alikipenda chote, na hakuona kwa nini agawane.

Alianza shule ya misheni mwaka 1931, akasoma mpaka darasa la nne. Alijua kusoma, kuandika na kushona, na kwa kuimba hakuwa haba. Mwalimu alimpa shoga yake Dina zawadi ya kitambaa kwa kushona vizuri, na Asnath akaacha kushona siku hiyo hiyo. Alisema kama kazi ina wa kwanza mwingine, basi yeye atatafuta kazi nyingine. Akarudi jikoni kwa mama yake, na huko akakuta hakuna wa kumshinda.

Agosti 1941 aliolewa na Bwana Filemoni wa Mhezi, mkulima wa kahawa na maharage. Mama Ernesta alimsindikiza na chungu kikubwa cha udongo, cheusi tumboni, chenye mdomo mpana, akamwambia chungu hicho kisiazimwe. Hakikuazimwa. Wengi wenu mnakijua. Wale msiokijua, kipo pale nyuma ya nyumba, juu ya mafiga, na habari yake inakuja.

Vijana mliokulia mijini mtaniwia radhi nieleze kidogo. Huku kwetu ikipulizwa pembe ya msaragambo, kila nyumba hutoa mtu. Watu huenda kuzibua mfereji au kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na wanawake hupeleka vyungu vya chakula. Hapa Mhezi kulikuwa na desturi. Chungu kikiisha, mwenyewe hukifudikiza juu ya majani, mdomo chini, watu wote waone. Hakuna aliyetangaza mshindi wala aliyepewa kitu. Lakini kila mwanamke alijua cha nani kimefudikizwa kwanza, na alikwenda nacho nyumbani akijua.

Cha Asnath kilifudikizwa kwanza. Kilikuwa hivyo mwaka hata mwaka. Makande yake yaliiva bila kupondeka, na watu waliacha vyungu vya wake zao wakaja kwake na bakuli mkononi, macho wakiyaweka pembeni. Hata ukimuuliza habari za Uhuru, Desemba ya mwaka 1961, alikuwa hasimulii bendera wala ngoma. Angekuambia walipikiwa watu wengi sana, vyungu vilipangwa mpaka kwenye mgomba wa mzee Lukasi, na chake kilikuwa kifudifudi kabla hotuba haijaisha.

Kulikuwa na chungu kimoja tu ambacho Mungu alichelewa kumjazia. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa hakupata mtoto. Wapo waliomshauri Bwana Filemoni aongeze mke, naye akawajibu kwamba kwa alivyomjua Asnath, huyo mke wa pili wangemzika wiki hiyo hiyo. Tarehe 20 Juni 1955 akazaliwa Ruthi. Marehemu alimlea kwa wivu kama alivyofanya mambo yake yote. Bibi akimbeba mtoto kwa muda mrefu, Asnath alikumbuka ghafla kwamba mtoto ana njaa.

Mwaka 1972 ndipo alipofika Mwanaidi. Huyu alikuwa mke wa marehemu Sebastiani, mdogo wake Bwana Filemoni, aliyekwenda zamani kukata mkonge bondeni na kuoa hukohuko. Mwanaidi ni mwenyeji wa Lindi, Mwislamu, na hakujaaliwa mtoto. Sebastiani alipofariki alimleta mumewe kuzikwa kwao, matanga yakaisha, na wazee wakamwambia hapa ni kwako, usirudi kambini. Akapewa kihamba kidogo, shamba la migomba, chini ya kihamba cha shemeji yake. Kwa kuwa waliolewa na ndugu wawili, yeye na Asnath waliitana mke mwenzangu, kama ilivyo desturi. Mwanaidi alilitamka kwa kicheko. Asnath alilitamka kama mtu aliyeng'ata punje ya mchanga.

Na kwa Ruthi, Mwanaidi akawa mama mdogo.

Msaragambo wa kwanza wa mwaka 1974, siku ya kuzoa tope la ndiva, Mwanaidi naye akaja na chungu. Kilikuwa kidogo, kimepasuka mdomo, na Asnath alikitazama akaona huruma. Huruma hiyo haikudumu. Mchana, watu wakiwa bado na tope magotini, Mwanaidi aliinuka akakifudikiza chungu chake juu ya majani. Asnath akachungulia chake. Makande yalikuwa yamebaki, bakuli tatu nne hivi. Aliyabeba mpaka nyumbani, akayala mwenyewe jioni ile na kesho yake, na Bwana Filemoni alipoomba apewe kidogo aliambiwa akaombe alikozoea kwenda kuomba. Maana bakuli lake lilionekana likielekea kwa Mwanaidi.

Hapo ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo yeye mwenyewe alilisimulia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Alimwita Ruthi, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akamwambia, "Nenda kamsaidie mama yako mdogo kuchambua maharage. Kaa naye mpaka aivishe. Uje uniambie anaweka nini."

Ruthi akaenda. Akarudi akasema, "Anatwanga karanga, mama. Anazimimina yakishaanza kuiva."

"Karanga tu?"

"Na stori. Mama mdogo ana stori nyingi."

Kesho yake Ruthi akaenda tena bila kutumwa.

Mwaka ule mnaukumbuka. Mvua ilikataa, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ukaletwa na malori mpaka Hedaru, watu wakaupandisha kichwani huku wakiulalamikia. Asnath aliuchukia unga ule kwa sababu ulikuja kutoka kwa mpishi asiyemjua. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza akina mama magimbi yao yameliwa na nani, na viazi vikuu, na ulezi, na mnavu unaoota bure pembezoni mwa mfereji. Alikuwa mkali. Lakini watoto walikuwa wanavimba matumbo na nywele zinageuka rangi, na ukali wake ulikuwa na maana. Mwaka uliofuata redio ilipoanza kipindi cha Chakula ni Uhai, na vikundi vikaundwa kila kijiji, serikali ya kijiji ikawapa akina mama ghala la zamani la kahawa. Hilo ndilo likawa Jiko la Kijiji, na mwenyekiti akachaguliwa Asnath. Hakuna aliyethubutu kusimama naye.

Katika jiko lile mama zenu walijifunza kupika uji wa ulezi wenye karanga na maziwa kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Walijifunza kukausha majani ya kunde, kusaga unga wa ndizi, na kutochemsha mboga mpaka ikalia. Walijifunza pia kwamba mwenyekiti hapendi kuulizwa swali ambalo jibu lake analo Mwanaidi. Bibi Maendeleo alipokuja kutoka Same kukagua, alionja uji akauliza nani aliyefikiria karanga. Wanawake wote wakatazama chini. Mwanaidi akasema, "Ni wa jiko letu, bibi. Mwenyekiti ndiye anayetupangia." Asnath alisikia. Badala ya kushukuru, alikasirika zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na deni la wema na hakujua pa kuliweka.

Ikaja siku ya msaragambo mwingine. Asnath, kimya kimya, akatwanga karanga akatia kwenye makande yake, kisha akamalizia kwa njia yake ya siku zote, maziwa mabichi ya ng'ombe baada ya chungu kuepuliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri aliyoachiwa na mama Ernesta. Watu wakala. Vyungu viwili vikafudikizwa kwa pamoja, cha Asnath na cha Mwanaidi, na mzee mmoja, Mungu amrehemu, akasema kwa sauti kwamba leo hajui amekula kwa nani, maana ni ladha ile ile.

Asnath akaenda akachukua punje zilizobaki mwikoni mwa Mwanaidi, akaonja. Maziwa.

Wengi wenu mlikuwapo. Alimwambia mke mwenziwe mbele ya watu kwamba amemchungulia chungu chake, na kwamba mtu anayechungulia chungu cha mwenzake atachungulia na nyumba yake. Mwanaidi aliinamisha kichwa. Alisema tu, "Nisamehe, mke mwenzangu." Hakujitetea hata kwa neno moja, na Asnath akauchukua ukimya ule kuwa ushahidi.

Wakati huo jiko lilikuwa limepata ruhusa ya kufungua kibanda cha chakula Hedaru, pale yanaposimama mabasi na malori, ili akina mama wauze magimbi, uji na makande, mapato yarudi kijijini. Wanawake wengi walikiogopa kwa vumbi lake na joto lake. Mwenyekiti akasimama kwenye mkutano akapendekeza Mwanaidi ndiye apelekwe, kwa kuwa amezoea bondeni. Alilisema hilo kwa sauti ya upole, na waliomjua wakajua. Alikuwa anamfukuza mlimani.

Mwanaidi akakubali. Halafu Ruthi akanyoosha mkono. Akasema mama mdogo hawezi kubeba sufuria peke yake, yeye atakwenda naye.

Bwana Filemoni anasema usiku ule mkewe alilia mpaka akachoka. Alikuwa na mtoto mmoja, na kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amemtuma kwenye nyumba ile, na kwa mdomo ule ule amempeleka Hedaru. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, ingawa alimtafuta. Tangu siku ile kila aliyepanda kutoka bondeni alikuwa na habari. Mara Ruthi amenenepa, mara Ruthi anacheka sana, mara madereva wanasimamisha lori kwa ajili ya makande ya Mwanaidi na binti yake. Binti yake. Asnath alikwenda jikoni kila asubuhi akapika vizuri kuliko wakati wowote, na hakuna alichokionja kilichomfurahisha.

Mwezi Oktoba 1976 akashindwa kuvumilia. Akajifunga khanga kichwani, akateremka na lori la kahawa, akaenda kukaa kwenye benchi la kibanda kati ya abiria wa Tanga. Ruthi akatokeza na sahani, akamwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipakulie kama unavyowapakulia hao."

Akala. Alikula polepole, kama mtu anayetafuta jiwe. Kisha akauliza, "Nani kakufundisha kumimina maziwa chungu kikishaepuliwa?"

"Wewe, mama."

"Mimi sikukufundisha ili ukampe Mwanaidi."

Ruthi akakaa chini mbele yake. "Mama, siku uliyonituma kwake, aliniuliza na yeye. Wewe ulitaka kujua anaweka nini. Yeye alitaka kujua unaweka nini. Alisema tangu aonje makande yako kwenye matanga ya baba mdogo hajalala vizuri. Nikamwambia, kama nilivyokuambia wewe."

"Kwa hiyo hakuchungulia."

"Hakuchungulia. Nilitaka kusema siku ile ya msaragambo, akanibana mkono. Aliniambia, mama yako akinikasirikia mimi nitavumilia, akikukasirikia wewe utavunjika."

Nyuma, moshini, Mwanaidi alikuwa amesimama na mwiko, hajui asogee au arudi. Asnath akamwangalia muda mrefu, halafu akasema, "Maziwa yenu ya huku yamejaa maji." Akasukuma sahani. "Niongezee."

Hakuomba msamaha. Familia haiwezi kusema aliomba wakati hakuomba. Lakini kuanzia wiki ile, kila lori la Mhezi lilipoteremka lilikuwa na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wake, kimezibwa kwa jani la mgomba, na dereva alipewa maagizo yale yale. "Mpe Mwanaidi mkononi. Mwambie ayamimine mwishoni, sio katikati, simwamini." Ruthi alipofunga ndoa na Bwana Tomaso mwaka 1977, waliosimama upande wa mama wa bibi harusi walikuwa wawili. Asnath alisimama mbele kidogo.

Wivu haukuisha. Mtu asidhani. Alipozaliwa mjukuu, Ernesta, mtoto akacheka kwanza mikononi mwa Mwanaidi, na marehemu akasema ni gesi tumboni.

Mwishoni mwa mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Hospitali ya wilaya Same ikagundua ana presha na moyo umechoka. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, akaambiwa aache chumvi. Mwanaidi akafunga kibanda kwa siku alizoweza, akapanda mlimani kumuuguza, akampikia uji na makande yasiyo na chumvi. Asnath alionja akalalamika, "Ruthi umemchukua. Sasa unataka na ulimi wangu."

Mwanaidi akacheka, akaendelea kumlisha.

Siku nyingine, Ruthi akiwa ameketi mlangoni na mtoto, marehemu alimwambia mke mwenziwe waziwazi, "Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa."

"Najua," akajibu Mwanaidi. "Hata mimi nilikuonea. Nilikuwa nakwenda kulala nawaza, yule ana chungu, ana mume, ana Ruthi. Mimi nina karanga."

"Ungeniambia."

"Ungenipa kipi?"

Asnath akafikiri. Alikuwa mkweli hata hapo. "Hakuna," akasema. Kisha akamshika mkono asiuachie mpaka alipopata usingizi.

Jumapili ya mwisho ya Agosti aliwaita Bwana Filemoni, mdogo wake Aminieli na Ruthi, akaagiza namna ya kuzikwa. Alitaka makande. Alitaka yapikwe kwenye chungu cha mama Ernesta, na yapikwe na Mwanaidi, na wengine walete vyao lakini hicho kitangulie kugawiwa. Mzee Aminieli akauliza kwa nini. Akajibu, "Ili akishinda, nimeshinda." Alfajiri ya Jumatatu, Septemba 3, 1979, alifariki nyumbani kwake, Ruthi upande mmoja na Mwanaidi upande wa pili, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Marehemu ameacha mume, Bwana Filemoni, mtoto mmoja, Ruthi, mkwe, Bwana Tomaso, mjukuu, Ernesta, mdogo wake, mzee Aminieli, na watoto wa ndugu zake ambao ni wengi. Ameacha akina mama wa Jiko la Kijiji na watoto wa Mhezi walionenepa kwa uji wake. Ameacha pia Mwanaidi. Aliagiza aandikwe, ila chini ya ndugu.

Limebaki agizo moja. Tunajua wote kwamba chungu hufudikizwa na mwenyewe, kwa mkono wake, na mkono mwingine haukukigusa chungu kile kwa miaka thelathini na minane. Ruthi alimuuliza mama yake, siku hiyo nani akifudikize. Alidhani atatajwa yeye. Marehemu alimwangalia, akageuza uso ukutani, akasema, "Mke mwenzangu." Wakasubiri. Akaongeza, "Lakini kikiisha tu. Kikibaki hata bakuli moja, asikiguse."

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tukitoka makaburini msiende nyumbani kwanza. Mwanaidi amesimama pale kwenye mafiga tangu usiku na hajakaa. Nendeni mle mmalize. Na Asnath alale salama katika udongo wa Mhezi, apumzike, asihangaike tena kuchungulia chungu cha mtu.